Kukagua usalama wa modemu ya simu kabla hujaikabidhi M-PESA yako

Ndani ya kila simu janja mna mifumo miwili. Wa kwanza ni ule unaouona: Android au iOS, WhatsApp, picha, menyu. Wa pili ni modemu, chipu yenye programu yake yenyewe. Hiyo ndiyo inayozungumza na mnara, kuhama kutoka mnara mmoja hadi mwingine, kupokea SMS na kukubali mawasiliano yasimbwe au yapite wazi. Hakuna programu ya kuzuia virusi kutoka Play Store inayoweza kuchungulia humo. Ndiyo maana swichi ya usalama unayoiwasha kwenye skrini ni ombi tu kwa modemu, na zipo modemu zisizolijua ombi hilo kabisa. Hapa tunaeleza namna ya kujua yako inatii nini, iwe simu iko mfukoni tayari au ni ex-UK (iliyotumika Uingereza kisha ikaletwa hapa) unayoonyeshwa Luthuli Avenue, Nairobi, na bado hujatoa pesa.

Beba laini mbili za mitandao tofauti, pini ya kutolea trei ya laini, na bando kidogo. Kwa Samsung ongeza kebo ya USB na kompyuta yoyote. Muuzaji akikukataza kufungua menyu au kuzima na kuwasha simu, nenda duka lingine. Majina ya menyu tumeyaandika kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo yanavyosomeka kwenye simu nyingi za mjini.

IMEI na trei

IMEI ni namba ya utambulisho wa simu. Piga *#06# uione. Simu ya laini mbili itatoa IMEI mbili, na yenye eSIM (laini iliyomo ndani ya simu, bila kadi) itaongeza EID, namba ya tarakimu 32 ya eSIM hiyo. Linganisha IMEI na iliyo kwenye kasha, iliyo kwenye "About phone", na iliyochapwa kwenye trei au mgongoni kama ipo. Zote zilingane. IMEI mbili zinazofanana tarakimu kwa tarakimu ni dalili kwamba mtu ameiandika upya. Ukiona sifuri tupu, "null" au "invalid IMEI", simu ilipoteza data ya modemu ilipokuwa ikiflashiwa, yaani ikiwekwa mfumo upya. Kwenye Samsung, 004999010640000 ni namba ya jumla inayojitokeza sehemu ya kumbukumbu inayoitwa EFS inapoharibika. Simu ya namna hiyo inaweza kushika mtandao leo na kuukosa kesho.

IMEI ina tarakimu 15. Nane za kwanza hutambulisha modeli, sita zinazofuata ni za simu yenyewe, na ya mwisho ni ya kuhakiki. Unaweza kuihakiki kwa kalamu. Chukua namba ya mfano 490154203237518. Acha ile 8 ya mwisho. Kuanzia kushoto, zidisha kwa mbili tarakimu ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea hadi ya kumi na nne, na jibu likizidi tisa jumlisha tarakimu zake. Hapa 9 inakuwa 18, yaani 9. 1 inakuwa 2. 4 inakuwa 8. 0 inabaki 0. 2 inakuwa 4. 7 inakuwa 14, yaani 5. 1 inakuwa 2. Jumla 30. Zile ambazo hazikuzidishwa, 4, 0, 5, 2, 3, 3 na 5, ni 22. Kwa pamoja 52. Kinachohitajika kufika 60 ni 8, nayo ndiyo tarakimu ya mwisho. Isipolingana, namba imebuniwa. Ikilingana bado haijathibitisha kitu, maana anayeghushi kwa ustadi hunakili IMEI ya simu halali. Kwa hiyo tuma pia IMEI hiyo kwa SMS kwenda 1555, huduma iliyowekwa mwaka 2012 wakati simu feki zilipokuwa zinazimwa nchini. Jibu likitaja modeli tofauti na iliyo mkononi mwako, irudishe. Sheria ya Kenya inaharamisha kubadilisha IMEI, na mnunuzi akikutwa na simu ya wizi anaweza kujikuta matatani.

Kisha toa trei. Kwenye iPhone zilizofungwa kwa kampuni moja ya ng'ambo, wauzaji wengine huweka kipande chembamba chenye chipu kati ya laini na simu ili simu ikubali mtandao wowote. Kipande hicho hukaa katikati ya mazungumzo yote ya laini na modemu, na hakuna anayejua programu iliyomo ndani yake. Ukikiona, iache simu hiyo. Kuna njia nyingine ya kuhakikisha: nenda "Settings", "General", "About", utafute mstari wa "Carrier Lock". Unatakiwa usomeke "No SIM restrictions". iPhone 14 na za baadaye zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina trei kabisa, kwa hiyo uwe tayari kutumia eSIM.

Je, simu inawaka na programu iliyosainiwa na kiwanda?

Programu ya kwanza kuamka ukibonyeza kitufe cha kuwasha ni butiloda. Ikiwa imefunguliwa, mtu anaweza kuingiza mfumo wowote, na ulinzi wote wa juu unakosa msingi. Zima simu, iwashe, na usiondoe macho kwenye skrini kwa sekunde kumi za kwanza. Kwenye simu nyingi zenye chipu ya MediaTek utaona maandishi madogo yanayoanza na "Orange State" yakisema simu imefunguliwa na haiwezi kuaminiwa, kisha inasubiri sekunde tano. Muuzaji mjanja hukukabidhi simu ambayo tayari imewaka. Ndiyo sababu ya kuizima mwenyewe. Rangi ya manjano ina maana kwamba mfumo umesainiwa na mtu asiye mtengenezaji. Nyekundu ni kwamba uhakiki umeshindikana.

Kwa Pixel (simu za Google), izime, kisha shikilia kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti. Skrini itakayotokea ina mstari wa "Device state", unaotakiwa kusema "locked", na toleo la modemu limeandikwa hapo hapo.

Samsung ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko zote, kwa kuwa ina fyuzi ya kielektroniki ndani ya chipu. Ikishaungua hairudi. Zima simu, shikilia vitufe vyote viwili vya sauti, kisha chomeka kebo iliyounganishwa na kompyuta. Endelea kwa kitufe cha kuongeza sauti onyo likitokea. Soma maandishi madogo ya juu: mstari wa "WARRANTY VOID" uwe 0x0. Ukiwa 0x1, simu iliwahi kuingizwa programu isiyo ya Samsung, hata kama leo inaonekana safi kabisa. Angalia pia "KG STATE". Ikisomeka "LOCKED" au "ACTIVE", simu iko chini ya kufuli ya mkopo, mwenye kukopesha anaweza kuizima wakati wowote, na huenda mtu anayekuuzia hajamaliza kulipa. Toka kwa kushikilia kitufe cha kupunguza sauti pamoja na cha kuwasha kwa sekunde kama kumi.

Jaribio la mwisho la sehemu hii ni la Android yoyote. Fungua Play Store, bonyeza picha ya akaunti, "Settings", "About". "Play Protect certification" isome kwamba kifaa kimeidhinishwa. Bonyeza namba ya toleo la Play Store mara saba, rudi "General", na sehemu ya "Developer options" itakuwa imefunguka ikiwa na kipimo cha Play Integrity. Simu isiyochezewa yenye Android 13 au zaidi hupata kiwango cha juu, "strong", kinachotokana na ufunguo uliomo kwenye maunzi yenyewe na kudai sasisho la usalama lisilozidi mwaka mmoja. Ikiishia "basic", usiweke programu ya benki humo.

Chipu gani, na programu yake ni ya lini

Fungua "About phone", kisha "Android version" au, kwa Samsung, "Software information". Tafuta "Baseband version". Mstari huo unasema mengi: ukianza na MOLY ni modemu ya MediaTek, MPSS ni Qualcomm, 4G_MODEM au 5G_MODEM ni Unisoc, g5123b na g5300 ni za Pixel 6 na 7, zilizotengenezwa na Samsung. Kwenye Pixel tarakimu sita zilizo kabla ya herufi B ni mwaka, mwezi na siku programu ilipoundwa. Ukikuta "Unknown", modemu haijawaka kabisa.

Linganisha na tarehe ya "Android security update". Ikiwa imepita zaidi ya mwaka na simu inasema hakuna sasisho jipya, basi modemu imeachwa ilivyo, na hilo si jambo dogo. Machi 2023 Project Zero, kikosi cha Google cha kutafuta kasoro za usalama, kilitangaza kasoro 18 kwenye modemu za Exynos, za Samsung. Nne kati yake zilimwezesha mshambuliaji kuingia kwenye modemu kupitia intaneti akiwa na namba ya simu tu, mwenye simu asibonyeze chochote. Orodha ilikuwa na Pixel 6 na 7, pamoja na Galaxy A12, A13, A33, A53 na S22 zenye modemu hizo. S22 ya SM-S901B, iliyouzwa Ulaya, ni ya Exynos, na ex-UK nyingi ni za namna hiyo. Mwaka uliotangulia, kampuni ya usalama ya Check Point ilionyesha kwamba ujumbe mmoja ulioharibiwa kwa makusudi ungeweza kuiangusha modemu ya Unisoc na kuikata simu kwenye mtandao. Kasoro hiyo, CVE-2022-20210, ilitibiwa na sasisho la Juni 2022. Unisoc zimejaa kwenye simu za bei nafuu tunazotumia. Simu yenye sasisho la kabla ya tarehe hizo bado ina mashimo hayo. Kama ni Exynos isiyopata sasisho, kilichopendekezwa wakati ule ni kuzima VoLTE (kupiga simu kupitia 4G) na Wi-Fi calling, lakini kuzima VoLTE kunagongana na hatua muhimu kuliko zote, ya kuzima 2G: bila VoLTE simu hushuka 3G au 2G ili kupiga.

Kuzima 2G na kuthibitisha kwamba imezimika

Ukikosa muda wa kufanya yote, fanya hili. Katika 2G (teknolojia ya zamani ya kizazi cha pili) mtandao humhakiki mwenye simu, lakini simu haiuhakiki mtandao. Mnara wa bandia unaotangaza namba ya mtandao 639-02 unapokelewa kama Safaricom, 639-03 kama Airtel. Ukishaishika simu unaweza kuiamuru isisimbe chochote, kisha ukaitumia SMS yenye jina la mtumaji lolote. SMS iliyoandikwa MPESA juu inaingia kwenye mlolongo ule ule wenye jumbe zako halali. Mwaka 2024 polisi wa London walikamata watu kwa mnara wa kujitengenezea uliotuma maelfu ya SMS za ulaghai kwa njia hii. Tangu 3G, uhakiki ni wa pande mbili, na ndiyo maana mnara wa bandia hujitahidi kuisukuma simu ishuke hadi 2G.

Google iliongeza swichi ya kuzima 2G ndani ya modemu kwenye Android 12, na Pixel 6 ndiyo iliyotangulia. Kwa Android ya kawaida nenda "Network & internet", "SIMs", chagua laini, shuka hadi "Allow 2G", uizime. Samsung huiweka "Connections", "Mobile networks", kwa jina "Allow 2G service". Swichi hufuata laini, si simu: izime kwa laini ya kwanza na ya pili, na urudie ukibadilisha laini. Watu wengi huizima kwa Safaricom na kuiacha Airtel wazi.

Swichi isipokuwepo, kuna sababu mbili. Ama modemu haijui amri hiyo, hata kama Android ni mpya, ama kampuni ya simu imeificha kupitia mipangilio inayoletwa na laini. Weka laini ya mtandao mwingine. Swichi ikijitokeza, lilikuwa suala la mipangilio. Isipojitokeza, modemu haina uwezo huo.

Usidanganywe na "Preferred network type" wala na "LTE only" iliyo kwenye menyu ya *#*#4636#*#*. Hiyo hurudi ilivyokuwa kwenye simu nyingi ukizima na kuwasha, na simu isiyo na VoLTE itashindwa kupiga na kupokea.

Sasa jaribu. Piga *#*#4636#*#*, fungua "Phone information", na tazama "Voice network type" na "Data network type". Isome LTE (4G), NR (5G), UMTS au HSPA (3G). Pigia mtu ukiwa bado unatazama: yenye VoLTE hubaki LTE, isiyo nayo hushuka 3G. Isisome GSM, GPRS wala EDGE, ambazo zote ni 2G, hata kwa sekunde moja. Kisha piga *144# au *334#. USSD, yaani menyu za namba kama hizo, mara nyingi huishusha simu kutoka 4G, kwa hiyo alama ya juu itageuka H+ au 3G kwa muda mfupi halafu irudi. Hapo ndipo simu nyingi zinapojifichua: ukiona E au G (alama za 2G) badala ya H+, swichi ni pambo. Malizia kwa kushuka kwenye maegesho ya chini ya ardhi ya jengo lolote la mjini, ghorofa ya pili kwenda chini. Simu inayotii itapoteza mtandao na kuandika "No service" au "Emergency calls only". Isiyotii itang'ang'ania E.

Simu za dharura huruhusiwa 2G hata swichi ikiwa imezimwa, na ni sawa iwe hivyo. Kuna gharama moja ya kweli: ukitoka Nairobi kwenda sehemu ambako mnara uliopo ni wa 2G tu, hutapigiwa wala hutatoa pesa. Washa 2G kabla ya safari, uizime ukirudi.

Usimbaji na arifa

Android 14 iliongeza "Require encryption" karibu na swichi ya 2G, inayoiambia modemu ikatae muunganisho usiosimbwa. Android 16 ina ukurasa wa "Mobile network security" ndani ya "Security & privacy", wenye arifa za kukujulisha mtandao ukidai kitambulisho cha laini yako au ukiacha kusimba. Ukurasa huo hutokea tu modemu ikiwa na uwezo wa kutoa taarifa hizo, na Pixel 10 ndiyo simu ya kwanza kuupata. Pixel 9 yenye Android 16 hiyo hiyo haina. Arifa moja unapoingia eneo jipya haimaanishi umeshambuliwa, kwa kuwa hata mtandao halali huomba kitambulisho mara kwa mara. Zikifuatana mahali pamoja, pamoja na kukatika kwa 4G, zima laini na uondoke hapo. Programu za kupakua zinazoahidi kunasa minara ya bandia kwenye simu ya kawaida usipoteze nazo muda, maana Android haiziruhusu kusoma mazungumzo ya modemu.

iPhone haina swichi ya 2G peke yake. Tangu iOS 17, 2G huzimika ukiwasha "Lockdown Mode" iliyo chini ya "Privacy & Security", na simu hujiwasha upya. Hali hiyo huzuia pia viambatisho vingi vya ujumbe na kuharibu baadhi ya tovuti. Inamfaa mwandishi wa habari au wakili mwenye sababu ya kuhofia. Kwa mtu wa kawaida ijaribu wiki moja kwanza. Toleo la modemu liko "About", kwenye "Modem Firmware".

Laini yenyewe

Modemu nzuri haisaidii kama laini ni ya zamani. Kadi za enzi ya 2G hazina uwezo wa kuuhakiki mtandao hata zikiwa kwenye 3G, na 4G huzikataa. Laini yako ikiwa haijawahi kuonyesha 4G kwenye simu na eneo ambako laini nyingine inaionyesha, ibadilishe; namba na M-PESA hubaki zile zile.

Weka pia PIN ya laini, ambayo si PIN ya M-PESA wala ya skrini. Mwizi akihamishia laini isiyo na PIN kwenye simu nyingine, anapokea SMS zako zote za kuthibitisha akaunti. Kabla hujagusa, tafuta PIN ya kiwandani na PUK kwenye plastiki iliyobeba kadi, au uziulize kampuni yako. Ukikosea PIN mara tatu utaombwa PUK, ya tarakimu nane. Ukikosea PUK mara kumi kadi imekufa. PIN ya kiwandani ikishakubaliwa, weka yako ya tarakimu nne hadi nane, zima simu na uiwashe. Isipokuomba PIN kabla ya kushika mtandao, hukuiwasha.

Kwa Safaricom, malizia kwa *100*100#. Baada ya hapo wakala wa mtaani hawezi kubadilisha laini yako; itabidi mtu aende duka la Safaricom akiwa na kitambulisho.